Halua ya Mjomba

Shela, Malindi
20 Agosti 2025

Mdogo wangu Mansur,

Salaam aleikum. Barua hii anakuletea Ngowa na pikapu yake ya mayai. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwa mwanao Swabra mpaka umpe jibu, na kama umelala akuamshe. Usiseme dada kapatwa na nini leo hata kaandika barua. Kwa simu mimi na wewe hatuzungumzi, twahutubia. Juzi nilipokupigia, Swabra aliweka sauti ya nje huko kwake, na binti yangu Lubna akaweka sauti ya nje huku kwangu, na majirani wa Kikambala na wa Shela wote wakajua kuwa tumbo lako limefunguka. Hayo ndiyo mazungumzo?

Alhamdulillahi umetoka hospitali kwa miguu yako. Siku ile walipokuingiza kukuzibua mshipa wa moyo nilikaa juu ya mswala tangu adhuhuri, chai ikaletwa ikapoa, ikaletwa nyingine ikapoa. Mimi ndiye niliyekusukuma uende, wewe ukisema ni gesi, ni maharagwe, ni kiungulia. Lingekupata la kukupata ningemtazama nani usoni?

Sasa nisikilize, na haya yasifike kwa Swabra. Na mimi ninao ugonjwa wako. Kifua kinanibana nikipanda ngazi za nyumba hii. Nafika pale ngazi inapokata kona nasimama, najifanya natazama nje dirishani, na Lubna hudhani mamake amekuwa mbea. Nilipimwa hapa Malindi, nikapelekwa Mombasa, nikapitishwa kwenye mashine zao, nikaambiwa mshipa mmoja umesonga sana, sharti nizibuliwe kama ulivyozibuliwa wewe, na nisikawie. Tarehe ya kulazwa wameshanipa.

Wanangu wanataka niende hata kesho. Mimi sitaki. Naogopa, Mansur. Naogopa huo waya wa kuingia mkononi ukatokea moyoni, naogopa wanitoe mle nikiwa nusu mtu. Nimewaambia hivi: nitafuata kauli ya Mansur, maana yeye amelala kitanda hicho. Akisema amerudi mzima, nitakwenda. Akisema moyo wake umeharibika hata kiasi cha punje, nitakaa kwangu na Mola wangu. Wamekasirika, lakini wanajua siwatanii.

Daktari hanijui, wewe wanijua. Wala hujapata kuniongopea, hata ulipokuwa mtoto. Basi niambie: umepona au hukupona?

Dadako,
Tumu


Kikambala
22 Agosti 2025

Dada yangu Tumu, shikamoo.

Ngowa amekaa hapa mpaka amemaliza mabuyu yote ya Swabra, kwa hiyo nakujibu upesi kabla hajaulizia chakula cha mchana.

Nimepona. Andika neno hilo kwa herufi kubwa uwabandikie wanao mlangoni. Nala, nalala, natembea, nimeanza hata kugombana na Swabra, na hiyo ni dalili njema kuliko zote. Kazi yenyewe ni ndogo, dada. Wanakutoboa hapa penye kifundo cha mkono, wanapitisha waya, wanaacha kijibomba cha chuma ndani ya mshipa, mfano wa springi ya kalamu, wamemaliza. Huhisi kitu. Mimi nilikuwa nikimweleza muuguzi namna ya kuloweka zafarani, na waliponiambia tayari nikawauliza, kwani mlianza lini?

Moyo wangu ni mzima, ni wa kijana anayekwenda kuposa. Kwa hiyo nenda. Usingoje mimi nirudi Malindi, usingoje mtu. Nenda tarehe ile ile waliyokupa.

Swabra ananiita nikameze vidonge. Nimefupisha kwa sababu hiyo, si kwa nyingine.

Nduguyo akupendaye,
Mansur


Shela, Malindi
29 Agosti 2025

Mansur wangu,

Nimesoma nikalia, na Lubna kaniona nikilia, naye akalia bila kujua analilia nini. Mwenyezi Mungu ni mkubwa. Basi sasa nina raha ya kukwambia la pili.

Harusi ya Lubna tumeiweka Jumamosi tarehe kumi na moja Oktoba, hapa nyumbani. Na mjomba wa Lubna ni wewe, hana mwingine. Unajua kwetu haijapata kuliwa halua ya harusi isiyopikwa na mjomba wa biharusi. Yangu aliipika mjomba Faki, akavua kanzu, akakoroga tangu asubuhi mpaka jasho likamwingia machoni, na hakumpa mtu mwiko hata kwa kupumzika, kwa kuwa mwiko ukibadilisha mikono halua huvunjika heshima. Zaidi ya hayo wewe ndiyo kazi yako. Mji mzima unakula halua yako, kwenye harusi ya mwanangu iliwe ya nani?

Na mimi nimepata fikra. Usinicheke. Nimewaambia Mombasa wanisogezee tarehe mbele kidogo, mpaka baada ya harusi. Nataka nikuone kwa macho yangu. Ukilikoroga jungu mbele yangu mpaka halua ikaacha kingo na kutoa samli, Jumatatu yake nitajipeleka mwenyewe hospitali na kibegi changu, wala hawatanivuta. Karatasi za daktari sizijui kuzisoma. Jungu nalijua. Mtu mwenye moyo mbovu hawezi kugeuza halua ya watu mia tatu, na mwenye moyo mzima anaweza. Ni hivyo tu.

Zafarani nimeshaagiza. Lozi utachagua wewe mwenyewe, mimi waniona sijui kuchagua.

Dadako,
Tumu


Kikambala
31 Agosti 2025

Bwana Kyalo, mwenzangu wa kitanda cha dirishani,

Barua hii nampa dereva wa lori lenu la chumvi, yule anayesimama hapa kunywa chai. Simu yangu iko kabatini kwa mwanangu. Anasema daktari amekataza nisisumbuliwe. Sasa ninasumbuka bila simu.

Wewe unajua mambo yangu, uliyaona. Tulizibuliwa siku moja. Wewe ulirudishwa wodini ukaomba chai na mandazi. Mimi nilirudishwa kifua kinawaka moto, wauguzi wakanizunguka, wakanitoa damu jioni na asubuhi. Ulikuwepo daktari alipokuja kunieleza. Kwamba walipofungua ule mshipa mkubwa, kitawi kidogo cha pembeni kikaziba, na nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na kitawi hicho ikakosa damu. Kwamba kipimo cha damu kimeonyesha imeumia. Kwamba hutokea hata kama mikono ya daktari ni mizuri, na yeye aliniambia bila kuficha, namshukuru. Kipande ni kidogo, alisema, lakini kilichokufa hakifufuki. Hakuna kubeba, hakuna kusukuma, hakuna kukoroga mpaka nipigwe picha ya moyo tena, na huenda jungu nisilishike tena kabisa. Uligeukia dirishani ukajifanya umelala. Nilikuona, na nilikushukuru kwa hilo vilevile.

Sasa dada yangu mkubwa ana mshipa uliosonga, na ameapa hatakwenda kuzibuliwa mpaka mimi nimwambie nimerudi mzima. Ameweka na sharti: moyo wangu ukiwa umeharibika hata punje, haendi. Ningefanyaje? Nimemwandikia kwamba nimepona, kwamba kazi yenyewe ni ndogo na huhisi kitu, kwamba moyo wangu ni wa kijana anayekwenda kuposa. Hajapata kuongopewa nami, na ameamini neno kwa neno.

Wacha hilo. Sasa anataka nimpikie bintiye halua ya harusi mbele ya macho yake, ndiyo aamini. Mwiko wa halua ni mrefu kama jembe, na halua ikishaanza kukaza ni kama kuvuta gari lililokwama kwenye matope, na huwezi kuacha hata ukapenga kamasi, maana inashika chini na kuungua. Nisipokoroga, atajua, na atakaa nyumbani mpaka mshipa umuue. Nikikoroga, sijui.

Wewe ni mtu wa moja kwa moja. Nipe rai.

Mansur


Marereni
5/9/2025

Mzee Mansur,

Bwana asifiwe. Mimi barua sijaandika tangu niache shule kule Kitui kwa hivyo usicheke mwandiko. Mke wangu Kavata amekataa kuniandikia, anasema mambo ya wanaume wagonjwa yeye hataki kuingia.

Mimi nitakwambia vile naona. Hiyo sufuria usiikaribie. Wewe unafikiria utakufa polepole na heshima? Utaangukia ndani ya hiyo sukari ya moto mbele ya bibi harusi, na huyo dada yako aone. Halafu ndio ataenda hospitali? Ataenda kaburini na wewe, mambo iishe.

Ya pili. Mimi siwezi kukuhukumu kwa uwongo wako, kwa sababu mama yangu angekuwa hai ningemdanganya hivyo hivyo. Lakini Mzee, wewe umemwambia ni kama kunyoa ndevu. Sasa huyo mama akiingia hapo ndani, na yeye apate ile kitu ilikupata wewe, si atajua mtu wake wa kuamini alimwacha aende akiwa amefungwa macho? Mimi nilirudi nikaomba chai, hiyo ni kweli, na watu wengi wanarudi wakiomba chai. Wewe hukurudi ukiomba chai. Mwambie yote mbili.

Mimi nimerudi kazi lakini wamenitoa kwa mashamba ya chumvi, sasa nakaa kwa lango naandika namba za lori. Naona haya kidogo. Lakini napumua.

Kyalo


Kikambala
12 Septemba 2025

Dada Tumu, shikamoo.

Habari za harusi zimenifurahisha mno. Nimefikiri juu ya halua. Kuna bwana mmoja Mombasa anaipika kwa mashine, inageuka yenyewe, na wallahi ukiila hutajua tofauti. Mimi nitasimamia viungo. Iliki nitaitwanga mimi, maji ya mawaridi nitayamimina mimi. Sababu ni mkono huu walionitoboa, bado una ganzi kidogo. Mkono tu. Moyo hauna neno.

Na tarehe yako ungeirudisha nyuma ilikokuwa. Harusi haitakimbia.

Mansur


Shela, Malindi
16 Septemba 2025

Mansur,

Mashine? Mwanangu aolewe na halua ya mashine? Alaa! Nikiwaambia watu mjomba yuko hai na halua kapika umeme, watanitazama vipi?

Na mkono wenye ganzi ni upi? Umeniandikia kwa mkono gani barua mbili, na mwandiko ni ule ule wa kujidai?

Sikiliza. Sina ugomvi na wewe. Lakini kama huwezi kukoroga, basi hukupona, na kama hukupona, mimi siendi huko. Leo nimewapigia Mombasa waniondoe kwenye foleni kabisa mpaka nikuone. Lubna amenuna, hajala tangu asubuhi. Na jana usiku sikulala kwa kifua, nilikaa kitini. Hilo nakwambia wewe peke yako.

Sema kweli, au njoo.

Tumu


Kikambala
19 Septemba 2025

Dada,

Nakuja. Tafuta kuni kavu zisizo na moshi, na unitolee lile jungu la shaba la mjomba Faki, si hili jipya.

Mansur


Shela, Malindi
15 Oktoba 2025

Mansur,

Nilitaka nisikuandikie tena maishani. Lubna ndiye aliyenitia kalamu mkononi kabla hajaondoka na mumewe.

Ulitudanganya sote kwa maneno yako siku ile. Umefika uani, umevua kanzu, umeanza kuwatania wanaume kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kushika mwiko wako. Watu wakacheka. Halua ikaanza kukaza, na wote wakawa wanalitazama jungu, wanangoja samli itoke. Mimi sikulitazama jungu. Mimi nilikuwa nikikutazama midomo. Niliiona ikibadilika rangi, ikawa kama majivu, na wewe bado unatania, lakini maneno yanatoka moja moja. Ndiyo nikapiga kelele kwamba biharusi anamtaka mjomba wake ndani. Hakuna biharusi aliyekutaka. Nikakukuta juu ya gunia la sukari nyuma ya mlango, shati limelowa chapa, unanichekea kama mtoto aliyejikojolea. Unajua uliniambia nini? "Jungu, dada, litaungua." Wallahi nilitaka kukuzaba kofi.

Swabra nilimbana palepale akanieleza yote. Kitawi kilichoziba. Nyama ya moyo iliyokufa. Kwamba daktari alikukataza hata ndoo ya maji. Mwanao analia mbele yangu na taarabu inapigwa nje, na mimi nimejipamba dhahabu, sijui nimshike yeye au nikushike wewe.

Mwiko niliushika mimi. Mwanamke, mama wa biharusi, na leso yangu mpya, mbele ya wanaume wote. Walidhani ni mzaha wakapiga makofi. Nikaimaliza halua. Chini ilikuwa imeshashika, ikaungua upande mmoja, nikaipakua ile ya juu na hakuna aliyejua. Walikula wakalamba vidole, wakasema Mansur bado ni Mansur.

Nakuuliza jambo moja. Ungekufa mbele ya jungu la Lubna ili mimi nikubali daktari, ndivyo ulivyopanga? Halafu mimi niishi na nini? Na Lubna kila mwaka akumbuke nini, harusi yake au matanga yako?

Siendi Mombasa. Neno lako nililitegemea na neno lako limeoza. Usinijibu.

Tumu


Kikambala
18 Oktoba 2025

Dada yangu, shikamoo.

Najibu. Utaichana ukitaka.

Nimekuongopea. Tangu barua ya kwanza. Sikuwa nikizungumza na muuguzi habari za zafarani, nilikuwa nikisoma kalima ya shahada. Nilipata maumivu mle ndani ambayo sijapata kuyaona, na kesho yake wakaniambia moyo umeumia. Yote aliyokwambia Swabra ni kweli. Nilificha kwa kuwa ulisema punje moja ikiharibika huendi, na mimi nilikuwa na hiyo punje. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenisukuma niende, nikasema akijua atajilaumu mpaka afe. Nilidhani nakuhurumia. Nilikuwa naogopa macho yako tu.

Jumatatu Swabra alinipeleka kliniki. Nimepigwa picha ya moyo. Jeraha halijazidi, liko vilevile, ila daktari alinikaripia mpaka wagonjwa wengine wakanionea huruma. Amesema jungu basi. Si mpaka mwakani, basi kabisa. Nimelia ndani ya tuktuk, sikuona haya. Miaka yote hiyo mikono yangu haijajua kazi nyingine.

Lakini nataka nikwambie kitu ambacho ningekwambia Agosti kama ningekuwa na akili. Kabla ya kuzibuliwa, nilikuwa siwezi kutoka kitandani mpaka msikitini bila kukaa kibarazani kwa watu. Nilikuwa nalala nimekaa, kama unavyolala wewe sasa. Hayo yameondoka, dada. Hayo sikuyaongopa. Asubuhi natembea mpaka barabara kuu na kurudi, namkuta Ngowa anashusha mayai, tunagombana kidogo, narudi nanywa uji. Nimeungua upande mmoja, ndiyo. Lakini ungeniuliza leo, na jeraha langu hili hili, je, ningelala tena kile kitanda? Ningelala. Ningeogopa kuliko mara ya kwanza, na ningelala.

Na wewe si mimi. Siku ile ile, kitanda cha pili, mwenzangu Kyalo alirudi akaomba chai na mandazi, na daktari anasema wengi hurudi hivyo. Sikuahidi kwamba utarudi hivyo. Sina ahadi tena, nimezimaliza zote. Nakuomba tu uende umuulize daktari mwenyewe, kabla hujalala: kitawi kikiziba, mtafanya nini, na mimi nitabaki vipi? Mimi sikuuliza. Niliona aibu kumuuliza mtu msomi swali la woga.

Usinisamehe, kama hutaki. Nenda tu.

Nduguyo,
Mansur


Kikambala
30 Oktoba 2025

Dada,

Ngowa amerudi mikono mitupu tena. Nimemuuliza umekuwaje, anasema hajui, ati mlango umefunguliwa na mtoto wa jirani. Lubna hashiki simu. Swabra anasema nitulie. Sitaki lolote ila kujua uko hai.

Mansur


Mombasa, wodini
6 Novemba 2025

Mansur wangu,

Usimkaripie Ngowa. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme lolote, na mlango nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa bado nimekasirika, na hasira yangu unaijua haiondoki siku moja.

Barua yako niliisoma ngazini, pale penye kona, kwa kuwa ndipo pumzi iliponiishia. Nikaisoma mara ya pili nikiwa nimekaa, maana kusimama nilishindwa. Lubna akaja kunisalimia kutoka kwa mumewe, akanikuta. Sikujifanya natazama dirishani. Nikamwambia, mwanangu, mamako ni mgonjwa na anaogopa. Lo, kumbe ni maneno mepesi hivyo! Akaketi ngazini na mimi, na mavazi yake ya bibi harusi mpya, tukakaa.

Na mimi nina uongo wangu, nikuambie na wewe unihukumu. Siku ile nilipoushika mwiko, kifua kilinibana mpaka jicho likatia kiza. Watu waliniona natokwa machozi nikawaambia ni moshi. Kuni zilikuwa kavu, hakukuwa na moshi wowote. Tulikuwa wagonjwa wawili kwenye jungu moja, kila mmoja anamficha mwenziwe, na watu mia tatu wanatupigia makofi. Nikikumbuka nacheka, halafu nacheka vibaya.

Daktari nimemuuliza swali lako. Nilimwambia, keti kwanza, mimi sizungumzi na mtu aliyesimama mlangoni. Akaketi. Nikamwambia habari za ndugu yangu, nikamuuliza kitawi kikiziba. Alinijibu muda mrefu, na mengine hakuyajua na alisema hayajui. Ndiyo nikamwamini. Nikatia sahihi.

Nimezibuliwa jana. Niliogopa sana, Mansur. Nilimshika muuguzi mkono nikamfinya mpaka akaomba radhi yeye. Niliporudi wodini niliomba chai, kwa ajili ya yule Kyalo wako, na sikuweza kuinywa.

Asubuhi wamenitoa damu kutazama kama nyama ya moyo imeumia. Majibu hayajaja. Nakuandikia kabla hayajaja, makusudi, na Lubna ataondoka na barua hii sasa hivi akupitishie Kikambala. Yakija mazuri usije ukadhani nimekusamehe kwa sababu yao, na yakija mabaya usije ukadhani nakulaumu. Nimekuja kwa sababu ya barua yako ya Oktoba. Ungeniandikia hiyo mwezi wa Agosti, na punje yako ndani yake, ningekuja Agosti. Hilo lijue, na usilirudie kwangu wala kwa Swabra.

Jungu la mjomba Faki nimelisugua mwenyewe. Tuliweke tu uani, yeyote atakayeolewa mbele tutamtafutia mjomba mwingine, na wewe utakaa kitini umtukane vizuri. Ule ukoko ulioungua chini sikuutupa. Nimeubandua, nimeutia kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati langu, nyuma ya msahafu. Utotoni tulikuwa tukiugombania ukoko wa halua, unakumbuka? Wewe siku zote ulikuwa ukitangulia.

Safari hii usianze bila mimi.

Dadako,
Tumu